Kanuni za Kujificha Zimwi Likikutazama

Sofu, Kibaha
Jumamosi, 27 Februari 1982

Padre amenipa kitubio cha ajabu. Nilitegemea Salamu Maria kumi kama kawaida yangu, nikapewa kazi ya kuandika. "Benedikta," aliniambia, "kila ukija hapa unaungama hasira, halafu unanieleza kwa nini ulikuwa na haki ya kukasirika. Kwaresima hii uandike mambo ya kumshukuru Mungu." Nimechukua daftari la maandalio ya masomo la mwaka juzi, lililobaki kurasa, kwa kuwa daftari jipya halipatikani hata kwa dawa.

La leo: masika hayajaanza, kwa hiyo paa halijavuja.

Jumatatu, 1 Machi

Sabuni imefika duka la ushirika, nami nimepata kipande. Namshukuru Mungu. Mwenye duka simshukuru, maana alinihudumia wa mwisho wakati nilikuwa wa nne.

Jumamosi, 6 Machi

Mwalimu mpya wa hisabati, Cornel, amerudi kutoka Uingereza alikosoma miaka miwili. Wenzake wakienda huko hurudi na redio ya kaseti, au angalau viatu. Yeye amerudi na mchezo. Alikuja mchana kutuonyesha barazani, amevaa sweta katika joto hili. Kuna kitabu chenye picha za mazimwi na dadu za kihuni, moja ina pande nne, nyingine pande ishirini. Hakuna ubao wala karata. Mtu mmoja anakuwa mwamuzi, anasimulia pango na mazimwi yaliyomo. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza.

"Ni hadithi," alisema Cornel, "ila msikilizaji naye yumo ndani."

Nikamwuliza kama hicho ndicho alichopelekwa kujifunza. Akacheka, wala hakuona haya. Biubwa, mwalimu wa darasa la pili anayepanga chumba chetu cha mbele, alikwisha kuzishika dadu. Biubwa ni Mzaramo wa Vihingo huko Kisarawe, na hakuna kelele inayompita.

Mdogo wangu Sixtus hakusogea. Alikaa pembeni kwenye kona yake, mgongo ukutani, anatengeneza pedali ya baiskeli ya mtu. Tangu arudi kutoka vitani mwaka wa 1979 huketi hivyo. Akija mgeni wa Biubwa kutoka Kisarawe, Sixtus huchukua kofia akapita mlango wa nyuma, na mimi nimechoka kumwombea radhi kwa watu. Ana miaka ishirini na sita, ana mikono na miguu yote. Kuna mama wangapi hapa ambao hawakupata hata habari za wana wao?

La leo: karanga anazouza Mama langoni zimekwisha zote.

Jumatano, 10 Machi

Joto. Watoto wa darasa la tano hawajui kugawanya. Namshukuru Mungu kengele ilipogongwa.

Jumamosi, 13 Machi

Nimecheza. Naliandika hili kama ninavyoungama mengine.

Mtu wangu ni jemadari mwenye ngao. Wa Biubwa ni mwizi mwenye miguu myepesi aitwaye Kunguru. Cornel alitutembeza pangoni mpaka tukakutana na zimwi lenye macho matatu, tukaanza kupigana nalo. Kete zetu zilikuwa visoda vya soda juu ya meza. Zamu ya tatu zimwi likamwinulia Kunguru rungu.

"Najificha," akasema Biubwa.

"Unajificha wapi? Zimwi liko mbele yako."

"Hapahapa. Nimenyamaza kimya."

"Biubwa, linakutazama kwa macho matatu!"

"Basi nimejificha nyuma ya Benedikta."

"Benedikta yuko nje ya mlango."

"Mwambie aingie. Jemadari gani anakaa nje?"

Cornel akafungua kitabu, ambacho wiki nzima alituachia sisi, atafute kanuni ya mtu kujificha mapigano yakiwa yamekwisha kuanza. Kutoka ukurasa wa ishirini na nane kikarukia wa thelathini na saba. Akageuza mbele, akageuza nyuma, akakikung'uta. Ndipo nilipotazama langoni, pale Mama anapouzia karanga, nikaona pakacha lake lina vikaratasi vilivyosokotwa, na kimoja kina nusu ya zimwi.

"Ziliachia zenyewe kwenye gundi," alisema Mama, wala hakuinuka kwenye kigoda. "Nikaona ni Kiingereza na mashetani. Nikasema, shetani amemfaa nani? Angalau afungie karanga." Karatasi hakuna mjini, hata magazeti ya zamani yanagombaniwa. Kurasa zote za kanuni za kujificha zimekwenda na watoto wa shule tangu Jumatano, na chumvi juu.

Nilidhani Cornel atalia. Akanunua kile cha mwisho, akala karanga, akasoma karatasi. Ilikuwa ukurasa wa mitego. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Kwa hiyo nalishukuru pakacha la Mama.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua imeanza jana alfajiri, haijapumua. Ndoo tatu zimetegwa ndani, na sufuria moja chini ya picha ya Bikira Maria.

Tumekaa kutunga kanuni zetu wenyewe. Cornel alitaka kila anayejificha arushe dadu ya pande ishirini, akipata zaidi ya kumi na mbili haonekani. Nikasema haiwezekani mtu asimame katikati ya uwanja, arushe dadu, ayeyuke. Biubwa akasema kwao Vihingo kuna watu wanaoweza. Tulibishana saa nzima.

Sauti ikatoka kwenye kona. "Huwezi kujificha huku mtu anakutazama."

Ni Sixtus. Hakuinua uso kutoka kwenye pedali.

"Lazima kwanza pawe na kitu kati yako na macho yake," akasema. "Kichuguu. Moshi. Mvua kubwa. Mgomba mmoja hautoshi." Cornel alikwisha kuchukua kalamu, anaandika kama mwanafunzi. "Na ukishaingia nyuma yake, bado anajua ulipo, si amekuona ukiingia? Atapiga hapohapo. Kwa hiyo ukijificha, hama. Uwe mahali pengine kabla hajafikiri."

"Na nikimpiga kutoka mafichoni?" akauliza Biubwa.

"Ukimpiga umejionyesha. Pigo moja unalo, la pili huna."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Hajasikia maneno mengi hivyo kwa mwanawe tangu Krismasi, na ya Krismasi yenyewe yalikuwa "ndiyo" na "hapana". Cornel akasoma alichoandika kwa sauti: kanuni ya kwanza, pawe na kizuizi, ya pili, adui anajua alipokuona mwisho, ya tatu, ukipiga umejitoa. Sixtus akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye pedali.

Namshukuru Mungu kwa mchezo wa kipuuzi. Padre akisoma hapa atacheka.

Jumatano, 24 Machi

Mvua. Baiskeli zinaletwa zimejaa tope mpaka kwenye taa. Sixtus ana kazi.

Jumamosi, 27 Machi

Leo amekuja mezani mwenyewe. Mtu wake hakumpa jina. "Mwandike mtu tu," alisema. Biubwa hakukubali. Sisi ni Wanyamwezi, marehemu baba alitoka Tabora kuja kukata mkonge huku Pwani; Biubwa ni Mzaramo; kwa hiyo sisi ni watani na ana ruhusa ya kusema lolote. "Mtumwa wangu huyu," akasema, "hata jina mpaka nimpe mimi? Haya, anaitwa Kiazi." Sixtus akatabasamu. Halafu tabasamu likazimika, akatazama mikono yake.

Zimwi lilipotuzidi nguvu, Biubwa akauliza: je, Kunguru akitoka mbio anapiga kelele, zimwi likamgeukia, Kiazi anaweza kutumia nafasi hiyo? Cornel alifurahi karibu apindue meza. Akaandika kanuni ya nne: mwenzako anaweza kumvuta adui macho, anayevuta macho anabaki wazi, na aliyejificha anapata pigo la bure.

Sixtus akasema, "Hiyo msiiandike."

"Kwa nini?"

"Ni mbaya."

"Kihesabu haina ubaya," akasema Cornel, anadhani ni suala la dadu. Sixtus akaondoka mezani. Nikamwambia, tena mbele za watu, kwamba mtu mzima hasusi mchezo kama mtoto. Akachukua pedali yake akatoka, na hasira yangu ikakosa pa kwenda.

La leo sina.

Jumamosi, 3 Aprili

Alirudi mezani bila kuitwa. Mvua ilikuwa kubwa hata Cornel alisimulia kwa kupaza sauti.

Tulifika chumba cha mwisho. Zimwi lenye macho matatu lilikuwa limeketi juu ya mlango tunaotaka kupita. Mtu wa Sixtus alikwishaingia nyuma ya jiwe, akarusha dadu, akapata kumi na tisa. Haonekani kabisa. Jemadari wangu ameanguka, hana nguvu. Biubwa akasimama kwenye kiti chake. "Kunguru anatoka! Anapiga kelele! Ewe zimwi, mama yako alikuzaa mchana wa jua kali!" Akarusha dadu. Zimwi likamgeukia, mgongo wake ukabaki wazi kwa Sixtus.

"Kiazi," akasema Cornel, "una pigo la bure. Ukipata saba tu, limekufa."

Sixtus alishika dadu. Hakuirusha.

"Rusha!" akasema Biubwa. "Mtani, linaniua!"

"Ninabaki," akasema.

"Unabaki nini?"

"Ninabaki nimejificha."

Tulidhani anatania. Cornel akampa zamu nyingine, zimwi likampiga Kunguru mara mbili. Sote tukapiga kelele, rusha, rusha, na mimi sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Sixtus aliikandamiza meza kwa ngumi iliyoshika dadu mpaka ikagonga ukuta. Akasema tena "Ninabaki," lakini hakutuambia sisi. Kisha akainuka akatoka kwenye mvua hivyohivyo, kichwa wazi. Biubwa alishuka kitini polepole. Visoda vilikuwa vimemwagika chini na hakuna aliyeinama kuviokota.

Mungu nisamehe kelele zangu.

Jumapili, 4 Aprili. Matawi

Amelala kutwa. Mama ameweka tawi la mnazi juu ya mlango wake.

Jumanne, 6 Aprili

Tulikuwa tunamenya karanga barazani, Mama na mimi. Sixtus akaja, akavuta ungo kati yetu, akaanza kumenya naye. Alisema akitazama karanga.

Mwaka wa 1978, alipochukuliwa katika mgambo kwenda vitani, aliwekwa pamoja na kijana wa Marui, huko Kisarawe, jina lake Mwinyimadi. Mzaramo. Tangu siku ya kwanza waliitana mtumwa wangu, mtumwa wangu, kila mmoja akidai amemnunua mwenzake kwa kibaba cha mtama. Walikula sahani moja. Mwinyimadi alimwibia kofia Sixtus akaivaa mbele yake, akakana kwamba ni ya Sixtus.

Siku moja, ng'ambo ya mpaka, walitengwa na wenzao. Bunduki kubwa ilikuwa imetegwa juu ya kilima, na wao wawili wako nyuma ya kichuguu kimoja. "Kichuguu hakikututosha," alisema Sixtus. "Mguu wa mmoja wetu ulikuwa unabaki nje." Mwinyimadi ndiye aliyetoa shauri. Yeye atatoka mbio kwenda kwenye migomba, anapiga kelele. Bunduki ikimgeukia, Sixtus ainuke apige. Pigo moja. Wakakubaliana. Mwinyimadi akatoka.

"Ikamgeukia," akasema Sixtus. "Niliona migongo yao, dada. Watu wawili, migongo wazi. Nikabaki. Yeye akaniita, Mtani! Mtani! Nikabaki. Nikawa nyuma ya kile kichuguu mpaka jioni."

Karanga alizomenya alikuwa anazirudisha kwenye maganda. Miaka mitatu nimemwita mvivu wa kuongea. Nikamshika kifundo cha mkono, akaniachia nikishike.

Mama hakulia. Alimenya mpaka ungo ukaisha, kisha akasema: "Miaka mitatu namshukuru Mungu kila asubuhi kwamba wewe ulirudi. Kumbe kuna mwenzangu Marui, na mimi sijawahi hata kumpa pole."

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Kwa ruhusa ya Sixtus nimemweleza Biubwa. Nilipotaja Marui na Mwinyimadi, alikaa chini sakafuni.

"Mama yake namjua," alisema. "Bi Mwanajuma. Jeshi lilimletea barua, hitima ikasomwa. Lakini matanga hajayaanua mpaka leo. Hajavaa nguo mpya, haendi harusini. Wakimsihi anasema, hakuna mtani aliyekuja kwangu, nitaanua matanga kwa karatasi?"

Sixtus alikuwa dirishani, amesikia. Kazi ya mtani msibani kila mtu hapa anaijua. Wenyewe wakilia, yeye anakuja kumcheza marehemu, anaiga alivyotembea na alivyokoroma, anadai haki yake, anawaudhi wafiwa mpaka wacheke, na hapo msiba unaanza kuwa mwepesi. Hakuna mwingine anayeweza kufanya hivyo bila kupigwa.

"Mtani ni mimi," akasema Sixtus.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Amefufuka, aleluya. Kitubio kimeisha, lakini mkono umezoea, nitaendelea. Mama alipata nusu kilo ya nyama, sijui kwa nani. Cornel alialikwa, akala kwa adabu. Tumepanga safari ya Marui Jumamosi.

Jumamosi, 17 Aprili

Hatukwenda. Daraja huko mbele ya Kisarawe limezolewa na maji. Sixtus alivyorudi mbio kwenye pedali zake nilijua amefurahi, na yeye alijua nimejua.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

Jumamosi, 24 Aprili

Daraja limetengenezwa kwa magogo. Asubuhi tumevaa, Mama amefunga kilo moja ya sukari iwe ubani. Sijui aliitoa wapi. Wakati mimi nakunywa uji mkavu, sukari ilikuwa ndani ya nyumba hii. Sixtus hayupo.

Tulimtafuta barabarani, kanisani, kwa mafundi wenzake. Basi likaondoka. Mimi nilikuwa nimekwisha kutunga maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali. Saa tano nikazunguka nyuma ya banda la mbuzi, nikamkuta amechutama kati ya banda na ukuta. Kando yake amechutama Cornel, sweta limelowa linanuka kama kondoo. Kumbe alimwona tangu saa mbili, akaingia akakaa naye kwenye mvua. Hakumwambia neno, wala hakutuita.

Nilisimama mbele yao. Sixtus akamgeukia Cornel. "Mwalimu, kanuni ya mtu kutoka mafichoni iko ukurasa gani?"

"Mama aliuza," akasema Cornel.

Wakacheka wote wawili, meno yanagongana kwa baridi. Nikarudi ndani nikaweka chai, nikamwaga sukari ya ubani vijiko vinne vizima, Mama ananitazama na hakunikataza.

Nilimwona Cornel mtu wa maringo kwa sababu ya sweta. Namshukuru Mungu kwa saa tatu zake.

Jumapili, 2 Mei. Marui

Naandika barazani kwa Bi Mwanajuma, watu wamenizunguka kila upande na mtoto wa mtu ameegemea goti langu. Mikono yangu bado ina tope.

Jana, Mei Mosi, tuliondoka alfajiri, Sixtus, Biubwa na mimi. Basi hadi Dar, basi jingine hadi Kisarawe, lori la mihogo mpaka liliponasa, kisha miguu, viatu mkononi. Sixtus alitembea mbele yetu kama mtu aliyechelewa. Tulipofika nyumbani penyewe akasimama, na Biubwa akapiga hodi kwa niaba yetu sote.

Bi Mwanajuma alikuwa anapeta mpunga. Ni mwembamba, kanga yake imepauka hata maua hayajulikani. Tukamwamkia, shikamoo mama, marahaba wanangu. Biubwa akamwambia, "Mama, nimekuletea mgeni. Huyu kijana ni Mnyamwezi."

Akamtazama Sixtus kuanzia tope la miguuni. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini utani ni utani, na Wanyamwezi ndio wapagazi wa zamani. "Mnyamwezi, mzigo wako uko wapi?"

"Ninao, mama," akasema Sixtus, akapiga magoti palepale penye maji.

Akamweleza yote. Hakujipunguzia hata kidogo. Migongo miwili alisema, Mtani, Mtani alisema, mpaka jioni alisema. Ungo ulisimama mikononi mwa yule mama. Nilikuwa naomba rozari mfukoni, sikumbuki nilifika fungu gani.

Alipomaliza, Bi Mwanajuma akauliza jambo moja. "Alipotoka mbio, alikuwa anapiga kelele gani?"

"Alikuwa anawatukana, mama."

"Matusi gani?"

"Siwezi kuyasema mbele yako."

"Basi kweli ni yeye," akasema, na mdomo wake ukapinda. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulikaa nje. Mvua ikanyesha ikapita. Sixtus hakutoka pale alipopiga magoti, na mimi nilifikiri, ametufukuza, na ana haki. Mlango ulipofunguliwa, uso wa mama ulikuwa umeoshwa.

"Hilo la kujificha nimelisikia," alimwambia Sixtus. "Nitalilia kwa wakati wangu. Na ziko siku nitakukasirikia, usishangae. Lakini leo nina shida na mtani. Mwanangu alikwenda jeshini, sijui alitembeaje na buti. Hajawahi kuvaa buti hapa. Nionyeshe."

Sixtus hakuelewa. Akamwambia tena, "Inuka, mtumwa wewe. Nionyeshe!"

Akainuka. Kwanza alisimama tu kama gogo. Kisha akaivuta kofia yake upande, akatoa kifua, akaanza kutembea uwanjani anaburuta kisigino cha kushoto kama mtu aliyekanyaga kinyesi na hataki watu wajue. Akafika kwenye jiko la nje, akageuka, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Afande, buti hili lilishonwa kwa mguu wa tembo, na tembo mwenyewe alikuwa kilema!"

Bi Mwanajuma alicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, kikubwa, kikageuka katikati kuwa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Majirani wakatoka majumbani. "Ni nini?" "Mtani wa Mwinyimadi amekuja!" Wakajaa uwanjani, wanawake wakalia kama msiba ni wa jana, na Sixtus akaendelea. Alivyoiba kofia na kukana. Alivyokoroma. Alivyoficha kiazi kwenye soksi. Wakati mwingine machozi yalimziba, akasimama, nao wakampigia kelele aendelee. Akauketia ungo wa mwenye nyumba na mpunga wake, akakataa kuinuka mpaka apewe haki yake ya mtani.

"Haki yako hii," akasema Bi Mwanajuma, akamletea jembe. "Shamba la mpunga limezidiwa na majani, na mwenye zamu ya kulilima umekuja bila yeye."

Leo asubuhi ameoga, amevaa kanga mpya waliyomnunulia nduguze tangu mwaka juzi. Matanga yameanuliwa. Sixtus yuko shambani. Biubwa na mimi tunarudi kufundisha, yeye anabaki.

Asante, Bwana. Leo sina la kulalamikia, na sikutafuta.

Jumatano, 12 Mei

Nyumba kimya. Kona ya Sixtus sasa anaketi kuku.

Jumamosi, 15 Mei

Cornel ameniuliza kama nitacheza tena hata tukiwa wawili tu. Nimemjibu nitafikiri. Nimekwisha kufikiri.

Jumamosi, 22 Mei

Mvua imekatika. Biubwa ametoka kwao leo, amepitia Marui. Alimkuta Sixtus amekaa katikati ya ukumbi, watu mbele na nyuma yake, anakula sahani moja na wajomba wa Mwinyimadi. Amekuwa mweusi kwa jua. Juzi Bi Mwanajuma aliamka na hasira, hakumpa salamu kutwa nzima, na Sixtus alilima kutwa hivyohivyo. Jioni akaitwa kula kama kawaida.

Mama alisikiliza yote, mikono ikiwa ndani ya pakacha.

"Na Bi Mwanajuma amenituma kwako, mama," akasema Biubwa. "Anasema, mwambie mwenzangu nimemwazima mwanawe mpaka mavuno, kama ataniruhusu."

Mama alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie asiseme kuazima," alisema. "Mimi ndiye niliyemwazima, nikakaa naye miaka mitatu bila kumwambia mwenzangu. Mwambie sasa ni zamu yake."